Sura ya Sita: Maharage Mabichi, Bekoni na Moto Mkavu

"Kwa nini maharage mabichi nikiyaoka hutoka yamelegea kama ya kuchemsha, na bekoni yake huungua kabla mboga haijaiva?"

Swali hili hutoka katika majiko yasiyofanana hata kidogo. Huuliza mwenye oveni ya umeme mjini Lubumbashi, huuliza mama anayepikia makaa Kapolowe, na huuliza kijana aliyehamia Brussels anayetaka kuwaandalia wenzake chakula cha Jumapili. Vyombo vyao ni tofauti, lakini kasoro wanayoilalamikia ni moja na chanzo chake ni kimoja: maji.

Katika sura hii jiko letu la mfano litakuwa Kapolowe. Mji huu mdogo wa Haut-Katanga uko kwenye barabara ya taifa namba 1, kati ya Lubumbashi na Likasi, karibu na ziwa Tshangalele. Ziwa hilo lilitokana na bwawa la Mwadingusha lililojengwa kwenye mto Lufira, na mitambo yake ya umeme ilianza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya shaba vya Union Minière. Ilipokarabatiwa na kurudi kazini mwaka 2021, kazi hiyo ilifanywa kwa ubia na kampuni ya mgodi wa Kamoa-Kakula. Hata hivyo nyumba nyingi za jirani bado hupikia makaa, juu ya mbabula, yaani jiko la bati lenye matundu. Ndiyo maana nimeichagua Kapolowe: anayeweza kuoka vizuri kwa mbabula hatashindwa na jiko lolote.

Ganda changa na maji yake

Maharage mabichi ninayoyasema hapa ni yale maganda machanga ya kijani yanayoliwa mazima, kabla punje za ndani hazijakomaa. Wakenya huyaita mishiri. Sokoni Likasi na Lubumbashi wengi hutumia jina la Kifaransa, haricots verts. Mmea wake ni uleule unaotupa maharage makavu ya kila siku. Ukiliacha ganda shambani likomae na kukauka, utapata maharage ya kupukuchua na kuchemsha. Asili yake ni Amerika ya Kati na milima ya Andes, na ulifika Afrika pamoja na Wareno kuanzia karne ya 16.

Ganda changa lina maji karibu asilimia 90 ya uzito wake. Ukinunua nusu kilo, umenunua karibu gramu 450 za maji, na kazi yote ya kuoka ni kuyatoa baadhi ya maji hayo kwa haraka, kabla hayajageuka mvuke wa kuipika mboga yenyewe.

Ili kuliona jambo hili kwa macho, jaribu na ganda moja tu. Likaushe kwa kitambaa, kisha ulilaze peke yake kwenye kikaango chenye mafuta kidogo yaliyopata moto. Kwanza kijani chake hukolea na kung'aa. Muda si mrefu vipovu vidogo hutokeza pale ulipokata ncha, na sauti ya mchiriziko husikika: ni maji yanatoka. Kisha ngozi huanza kusinyaa, mikunjo myembamba hujipanga kwa urefu wa ganda, na upande uliogusa chuma hupata madoa ya kahawia. Sauti hupungua. Ukiliuma sasa, nje lina ukavu na utamu, ndani bado lina unyevu kidogo na uhai wa mboga.

Sasa kijaze kikaango kilekile maganda mpaka yalaliane. Maji yanayotoka chini hugonga maganda ya juu, hayapati njia, hurudi chini. Mchiriziko hugeuka kuwa mtokoto. Baada ya dakika 10 una mboga ya kijani iliyofifia, laini, yenye harufu ya maji ya sufuria. Moto ulikuwa uleule na mafuta yaleyale. Kilichobadilika ni nafasi.

Sababu yake ni nyepesi kuelewa. Maji yakichemka hayapandi joto zaidi. Kwenye usawa wa bahari huchemka kwa nyuzi 100. Kapolowe, iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, maji huchemka karibu nyuzi 96, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Kubadilika rangi kuwa kahawia, kule kunakoleta harufu ya kuchomwa, huanza kwenda kasi kuanzia karibu nyuzi 140. Wataalamu hukuita mmenyuko wa Maillard, kwa jina la Louis Camille Maillard, mwanakemia Mfaransa aliyeueleza mwaka 1912: sukari na viini vya protini vinaungana kwa joto na kuzaa rangi na ladha mpya. Ni jambo lilelile linalotokea kwenye ganda la mkate, mahindi ya kuchoma na kahawa. Lakini mradi kuna maji juu ya ngozi ya ganda, joto hapo halivuki kiwango cha kuchemka, na kahawia haitakuja.

Mazoea ya mboga za majani

Wapishi wa Katanga hawakosi ustadi wa mboga. Lengalenga (mchicha), matembele na sombe hukaa pembeni mwa bukari (ugali) karibu kila siku, na kila moja ina mapishi yake. Mboga hizo zote hupikwa kwa maji, na zinastahili. Sombe, yaani majani ya muhogo, lazima yatwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu ili sumu yake ya asili itoke. Lengalenga hulainika na kuchukua ladha ya karanga au mawese kwa sababu ya mchuzi.

Mkono uliozoea kazi hiyo hufanya vivyo hivyo kwa maharage mabichi: huosha, hutia sufuriani yakiwa bado yanachuruzika, hufunika. Wengine huongeza kidogo magadi au soda ili kijani kisipotee. Kijani hubaki kweli, lakini soda hulegeza kuta za ganda mpaka likawe uji, na huharibu sehemu ya vitamini. Kwa chakula hiki, weka soda kando kabisa.

*Kwa kifupi:*

- Ganda changa lina maji mengi sana, na kuoka ni kuyatoa maji hayo.
- Maji yakibaki juu ya ngozi, rangi ya kahawia na ladha yake havitokei.
- Maganda makavu, moto mkali na nafasi ya kutosha ndiyo masharti matatu ya mwanzo.

Kazi tatu za bekoni

Bekoni ni nyama ya tumbo la nguruwe, na wakati mwingine ya mgongo, iliyotiwa chumvi kwa siku kadhaa na mara nyingi ikafukizwa moshi. Watu waliibuni ili nyama isioze: chumvi huvuta maji kutoka ndani ya nyama, na viini vya kuozesha hukosa maji ya kuishi. Kwetu Afrika Mashariki ilianza kutengenezwa kiwandani mwanzoni mwa karne ya 20, huko Uplands karibu na Limuru, Kenya. Leo inapatikana katika maduka makubwa ya miji kama Lubumbashi, ikiuzwa kwa vipande vyembamba au kwa mnofu.

Katika chakula chetu inafanya kazi tatu:

1. Mafuta. Huyeyuka na kuyafunika maganda, hivyo joto la chuma linafika kila upande wa ngozi. Hewa peke yake hupeleka joto polepole mno.
2. Chumvi. Huikoleza mboga bila haja ya kuongeza nyingi.
3. Moshi. Humpa mlaji harufu ya kuchomwa hata pale ambapo maganda hayakupata kahawia ya kutosha.

Hapa ndipo kasoro ya pili katika swali letu inapopatikana. Bekoni huungua kwa sababu imetiwa pamoja na maharage tangu mwanzo, kwenye moto uleule. Kipande cha bekoni ni chembamba na maji yake ni machache kuliko ya ganda, kwa hiyo hukauka mapema. Dawa yake ni kuvipa zamu. Bekoni inaanza peke yake, tena katika chombo baridi, ili mafuta yayeyuke taratibu kadiri chuma kinavyopata moto. Ukiitupa kwenye chuma kilichokwisha kuwaka, nje hukaza na mafuta hubaki yamefungwa ndani. Mafuta yakishatoka, vipande vinaopolewa na kuwekwa kando. Maharage yanaingia kwenye mafuta hayo. Bekoni inarudi mwishoni tu, ili ipate joto na kuchanganyika.

Kiasi kiwe kidogo. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliweka nyama za kusindikwa, bekoni ikiwemo, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, hasa ya utumbo mpana, kwa wanaozila kila siku. Anayetumia gramu 150 kwa watu wanne, tena mara mojamoja, anaitumia kama kiungo. Mboga ndiyo chakula.

Kama bekoni haipatikani

Kapolowe utapata nyama mbichi ya nguruwe kwa urahisi zaidi kuliko bekoni. Kuna njia mbili.

*Ukiwa na friji inayofanya kazi bila kukatika.* Chukua kilo 1 ya nyama ya tumbo. Ipake gramu 25 za chumvi, ambazo ni kama kijiko kimoja na nusu cha mezani, pamoja na vijiko viwili vya chai vya sukari na pilipili manga iliyotwangwa. Itie katika chombo kilichofunikwa, uiweke mahali baridi kabisa pa friji, isizidi nyuzi 4, kwa siku 5 hadi 7, ukiigeuza kila siku. Kisha isuuze, ikaushe kwa kitambaa na uikate. Rangi yake itakuwa ya kijivu kidogo. Ile ya dukani huwa ya waridi kwa sababu ya chumvi maalumu ya viwandani iitwayo nitriti. Nyama hii bado ni mbichi na lazima iive kabisa.

*Usipokuwa na friji, au umeme ukiwa wa kukatikakatika.* Usijaribu kuihifadhi. Nunua nyama ya tumbo asubuhi, ikate vipande vya sentimita 1, itie nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kila gramu 200, iache nusu saa, kisha uipike siku hiyohiyo. Moshi utaukosa, lakini mafuta na chumvi umevipata, na hizo ni kazi mbili kati ya tatu.

Nguruwe salama, mboga safi

Mambo mawili ya afya yanamhusu kila anayepika nguruwe katika ukanda wetu.

La kwanza ni tegu wa nguruwe. Huyu ni mnyoo ambaye watoto wake hukaa ndani ya nyama ya nguruwe wakiwa katika vifuko vyeupe vidogo, vya ukubwa wa punje ya mchele au zaidi. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, mnyoo hukua tumboni mwake na mayai yake hutoka na kinyesi. Mayai hayo yakiingia kinywani mwa mtu kwa mikono michafu, maji au mboga zisizooshwa, watoto wa mnyoo wanaweza kwenda mpaka kwenye ubongo na kuleta kifafa. Angalia basi jinsi hatari hiyo inavyogusa pande zote mbili za chakula chetu: nyama inataka kuiva, na maharage yanataka kuoshwa kwa maji safi. Nunua nyama iliyokaguliwa, ikatae ikiwa na vifuko, na uipike mpaka pasibaki waridi ndani ya kipande.

La pili ni homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza na daktari wa mifugo Robert Eustace Montgomery mwaka 1921, kutokana na alivyouona Kenya. Virusi vyake huishi ndani ya ngiri bila kumdhuru, na papasi huvibeba kutoka mnyama mmoja hadi mwingine. Nguruwe wa kufugwa akiupata, aghalabu hufa. Binadamu haambukizwi, lakini mfugaji anaweza kupoteza zizi zima kwa wiki chache. Virusi hivyo hudumu kwa muda mrefu ndani ya nyama mbichi na hata iliyotiwa chumvi. Kwa hiyo mabaki ya bekoni, ngozi na maji uliyooshea nyama visipewe nguruwe kamwe. Kwa kulinda jalala lake, mpishi anamlinda na jirani yake mfugaji.

*Kwa kifupi:* nyama iive, mboga ioshwe, mabaki ya nguruwe yasirudi kwa nguruwe.

Kuchagua maganda sokoni

Katika Haut-Katanga mvua hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili. Kiangazi chake, hasa kuanzia Mei hadi Agosti, kina baridi, na hapo ndipo bustani za mabondeni zenye maji karibu hustawi. Mmea wa maharage hupenda ubaridi wa wastani, na maganda machanga huanza kuchumwa ndani ya siku 50 hadi 60 tangu kupanda. Bustani za mboga za pembeni mwa miji zilipata msukumo kuanzia mwaka 2000, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipoanza mradi wa kilimo cha mboga mijini nchini Kongo. Likasi na Lubumbashi zilikuwa miongoni mwa miji ya mradi huo.

Ukiwa mbele ya meza ya muuzaji, fanya hivi:

- Vunja moja. Ganda zuri hukatika kwa mlio. Likipinda bila kukatika limenyauka.
- Angalia unene. Kenya, ambako wakulima wadogo wa Kirinyaga na kwingineko hulima mishiri ya kupeleka Ulaya, maganda hupangwa kwa kipenyo: yasiyozidi milimita 6 ni daraja la juu, ya milimita 6 hadi 9 hufuata. Kwa kuoka, haya ya pili ni bora, maana membamba sana hukauka upesi.
- Papasa punje. Zikiwa zimetuna na kuonekana kwa nje, ganda limekomaa. Lichemshe, usilioke.
- Tafuta uzi. Aina za zamani zina uzi mgumu ubavuni. Aina zisizo na uzi zilipatikana mwishoni mwa karne ya 19. Ukiona uzi, uvute wakati wa kukata ncha.
- Uliza kuhusu dawa. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulizidisha ukaguzi wa maharage mabichi kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya viuadudu. Mlaji wa Likasi ana haki ileile ya kuuliza dawa ilipulizwa lini.

Kuna swali moja zaidi ambalo watu wa bonde la Lufira wanastahili kuliuliza kwa sauti: maji ya kumwagilia yanatoka wapi? Viwanda vya shaba na kobalti vya Likasi viko upande wa juu wa ziwa Tshangalele, na watafiti wamekuta metali hizo katika maji, mimea na samaki wa bonde hilo. Kuosha huondoa vumbi na udongo wa juu. Metali iliyokwisha kuingia ndani ya mmea haioshwi. Mboga ya bustani inayotumia kisima au chemchemi iliyo mbali na mikondo ya viwanda ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho, na muuzaji anayejua bustani yake iko wapi anastahili kupendelewa.

Oveni ya makaa

Mwenye oveni ya umeme au gesi aipashe mpaka nyuzi 210 na kuacha sinia la chuma humo ndani lipate moto. Mwenye mbabula ana njia mbili.

*Njia ya kikaango wazi.* Tumia kikaango kipana na kizito juu ya makaa yaliyowaka yote na kupata jivu jeupe juu. Mvuke unatoka bila kizuizi, kwa hiyo kahawia huja kwa urahisi. Kazi yako ni kugeuza kila baada ya dakika mbili au tatu, na kupika kidogokidogo.

*Njia ya makaa juu na chini.* Tumia sufuria nene lenye mfuniko bapa wa chuma. Theluthi moja ya makaa ikae chini na theluthi mbili zikae juu ya mfuniko, ili sehemu ya chini isiungue. Mfuniko uliofungwa kabisa hurudisha mvuke ndani, na tumeshaona madhara yake. Uinue upande mmoja kwa kuweka kipande kidogo cha chuma katikati ya mfuniko na ukingo, mvuke upate mlango.

Kikaango cha sentimita 28 hubeba gramu 250 za maganda katika safu moja. Nusu kilo ipikwe kwa awamu mbili. Anayeona anapoteza muda kwa awamu mbili akumbuke kwamba maganda yaliyorundikwa huchukua muda uleule na hayapati kahawia.

Pikia nje au mahali penye upepo. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na imeua watu waliojifungia nayo chumbani. Tena makaa ya Katanga yanatokana na miti ya miombo, na misitu iliyoizunguka Lubumbashi imepungua sana kwa sababu ya biashara hiyo. Makaa yaliyobaki baada ya kupika yafunikwe yazimike, yatumike kesho.

Mapishi kwa watu wanne

*Vitu vinavyohitajika:*

- Maharage mabichi, gramu 500
- Bekoni, au nyama ya tumbo iliyotiwa chumvi, gramu 150
- Kitunguu 1 cha wastani, kilichokatwa vipande vinene
- Punje 3 za kitunguu saumu, zilizopondwa
- Pilipili manga, na pilipili kali kwa anayependa
- Nusu limau
- Chumvi, ikihitajika

*Namna ya kupika:*

1. Osha maharage kwa maji safi, kata ncha, kisha yatandaze juu ya kitambaa kikavu. Yafute na uyaache yapigwe na hewa robo saa. Usiiruke hatua hii.
2. Kata bekoni vipande vya sentimita 1. Vitie kwenye kikaango baridi, uweke kwenye moto wa wastani. Koroga mara kwa mara kwa dakika 8 hadi 10, mpaka mafuta yametoka na vipande vimeanza kukauka kingo. Viopoe.
3. Bakiza vijiko viwili vya mezani vya mafuta. Yanayozidi yamimine katika kikombe kwa awamu ya pili. Ongeza moto. Mafuta yakianza kutoa moshi, moto umepita kiasi.
4. Tia nusu ya maharage, yageuze mpaka yote yang'ae, kisha yatandaze safu moja. Yaache dakika 3 bila kuyagusa. Geuza, acha tena. Jumla ni dakika 12 hadi 15 kwa kikaango, au 20 hadi 25 kwa oveni ukipika yote katika sinia pana. Kwa kikaango, opoa awamu ya kwanza ikiiva, kisha pika nusu ya pili vivyo hivyo.
5. Dakika 6 kabla ya mwisho (kwa kikaango, mwisho wa awamu ya pili) ongeza kitunguu. Dakika 2 kabla ya mwisho ongeza kitunguu saumu, ambacho huungua upesi na kuwa kichungu.
6. Rudisha bekoni na maharage ya awamu ya kwanza, tia pilipili, changanya, acha dakika 1. Onja kwanza ndipo uamue kuhusu chumvi.
7. Epua. Kamulia limau mezani tu. Ukilikamua mapema, uchachu wake hufifisha kijani na majimaji yake hulegeza ngozi uliyoihangaikia.

Maganda yameiva yakiwa na mikunjo, yana madoa ya kahawia karibu theluthi moja ya ngozi, na yakiumwa yanakatika bila kutoa sauti ya ubichi. Yaive kweli: maharage mabichi kabisa yana viini vinavyosumbua tumbo, na joto ndilo linaloviharibu.

Pakua mara moja. Yanakwenda vizuri na bukari na samaki wa kuchoma, na wali, au na viazi vya kuchemsha.

Nyumba isiyokula nguruwe

Waislamu na Waadventista hawali nguruwe, na zipo familia nyingi zisizomla kwa sababu zao. Hawana haja ya kuukosa mlo huu. Ukishajua kwamba bekoni inaleta mafuta, chumvi na moshi, unaweza kuvitafuta vitatu hivyo mahali pengine, na Kapolowe ni mji wa samaki. Kambale au tilapia aliyekaushwa kwa moshi analeta moshi zaidi kuliko bekoni yenyewe.

Chukua gramu 120 za samaki wa moshi, ondoa ngozi na miiba, umchambue vipande vidogo. Oka maharage kwa vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya karanga, kwa hatua zilezile. Samaki aingie dakika 3 za mwisho tu, kwa kuwa ni mkavu na huungua upesi. Chumvi utaongeza mwenyewe, maana samaki wa moshi mara nyingi hana chumvi nyingi.

Kasoro na tiba zake

- *Yamelegea:* yalikuwa na maji, au yalirundikwa, au mfuniko haukuacha mvuke utoke.
- *Yameungua nje, ndani mabichi:* moto mkali mno au maganda manene. Punguza makaa ya chini, ongeza dakika.
- *Yamesinyaa na kuwa kama ngozi:* maganda yalikuwa ya zamani, au yalikaa motoni kupita muda.
- *Mafuta yamejaa sahani:* hukuyapima katika hatua ya 3.
- *Chumvi imezidi:* ulikoleza kabla bekoni haijarudi.

Ustadi huu unakwenda mbali

Nimetumia kurasa hizi zote kwa sahani ya pembeni kwa sababu naamini mboga inastahili uangalifu uleule tunaoupa nyama. Katika nyumba nyingi nyama hupewa viungo, saa na macho ya mpishi, nayo mboga huachwa ijitokotee. Mtoto anayekataa mboga mara nyingi anakataa ulaini na harufu ya maji, na hajapata bado nafasi ya kuijua ladha yake nyingine.

Kanuni uliyojifunza hapa haiishii kwenye maharage. Karoti, bilinganya, bamia, koliflawa na malenge vyote vina maji mengi, na vyote hubadilika vikikaushwa, vikipewa mafuta kidogo, moto wa kutosha na nafasi. Anza na mboga iliyopo sokoni kwenu wiki hii. Katika sura inayofuata tutaichukua kanuni hiyohiyo mpaka kwenye mizizi: viazi, muhogo na magimbi, ambavyo pamoja na maji vina wanga mwingi, na vinahitaji mpango mwingine.